Nafsi Kama Mizani: Umoja wa Mawazo ya Kila Siku katika Essais za Montaigne

Utangulizi

Miongoni mwa matini zinazomtatiza mhakiki wa fasihi ni ile isiyokuwa na kisa, wala wahusika wa kubuni, wala mgogoro unaokua hadi kufikia kilele. Mada zake hurukaruka kutoka mchezo hadi kitabu, kutoka kitabu hadi siasa za nchi, na kutoka siasa hadi usingizi, chakula na maumivu ya mwandishi mwenyewe. Kwa kawaida matini ya aina hii huwekwa kando. Huitwa porojo au, ikibahatika, huhesabiwa kuwa kumbukumbu zenye manufaa kwa mwanahistoria tu. Swali linalozuka ni hili: je, mawazo ya kila siku ya mtu mmoja yanaweza kuwa kazi ya sanaa iliyo kamili? Na ikiwa yanaweza, ni kitu gani kinachoyaunganisha?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Essais za Mfaransa Michel de Montaigne (1533–1592), kazi ambayo kwayo utanzu wa insha ulipata jina lake katika lugha za Ulaya. Hoja inayoendelezwa ni kwamba umoja wa kazi hiyo haumo katika mada bali katika kitendo. Kila jambo, liwe dogo au kubwa, hupimwa kwenye mizani moja ya nafsi iliyokwisha kuijua mipaka ya mwili wake. Aidha, itaonyeshwa kuwa upimaji huo, uliofanywa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ulikuwa na uzito wa kisiasa, na kwamba ufahamu huo unaweza kutusaidia kuitathmini upya nafasi ya insha katika fasihi ya Kiswahili.

Mtunzi na kazi yake

Montaigne alizaliwa katika kasri la familia yake huko Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bordeaux hadi 1570, na mwaka uliofuata, alipotimiza umri wa miaka 38, alijitenga na shughuli za umma ili aishi katika maktaba yake iliyokuwa ndani ya mnara. Vitabu viwili vya kwanza vya Essais vilichapishwa Bordeaux mnamo 1580. Toleo la 1588 liliongeza kitabu cha tatu pamoja na mamia ya nyongeza katika vile viwili vya awali. Hadi alipofariki, mtunzi aliendelea kuandika pambizoni mwa nakala yake, na nyongeza hizo ziliingizwa katika toleo la 1595 lililosimamiwa na Marie de Gournay. Kwa jumla kazi hii ina sura 107.

Neno essai lina maana ya jaribio au kipimo, kama vile sonara anavyoijaribu dhahabu au mpishi anavyoonja mchuzi. Montaigne hakulitumia kama jina la utanzu, kwa kuwa utanzu wenyewe haukuwapo. Alilitumia kutaja alichokuwa akikifanya. Nembo aliyojichagulia ni mizani, ikiambatana na swali fupi kuhusu kiasi cha anachokijua. Ni muhimu kuizingatia taswira hii, kwani mizani haichagui kitakachowekwa juu yake. Katika sura kuhusu Democritus na Heraclitus, mtunzi anadai kuwa akili ya kupambanua ni chombo kinachofaa kwa kila jambo, na kwamba hata jambo asilolielewa analijaribu, kama mtu anayepima kina cha mto na kurudi ukingoni anapoona kimo chake hakitoshi.

Michezo na mipaka ya mwili

Mhakiki anayeanza na falsafa ya Montaigne humsahau Montaigne mwenye mwili. Ilhali mwili ndio unaotangulia. Katika sura kuhusu majivuno, mtunzi anaeleza bila haya kwamba katika kucheza dansi, kucheza tenisi ya zama zile na kupigana mieleka hakupata ila uwezo mdogo wa kawaida, na kwamba katika kuogelea, kushindana kwa vitara na kuruka hakuwa na uwezo wowote. Farasi ndiye aliyempenda, na juu ya mgongo wake aliweza kukaa saa nyingi hata alipokuwa akiugua.

Kinyume chake ni baba yake, ambaye picha yake inajitokeza katika sura kuhusu ulevi. Mzee huyo alijizoeza kwa fimbo zilizojazwa risasi ili kuipa nguvu mikono yake, na alivaa viatu vyenye nyayo za risasi ili awe mwepesi katika kukimbia na kuruka. Alipokwisha kupita miaka 60 alikuwa bado akiwadhihaki vijana kwa wepesi wake. Ni dhahiri kwamba maelezo haya si mapambo. Mwana anapoiweka siha ya baba kando ya udhaifu wake mwenyewe, anajifunza kujitaja bila kujikweza na bila kujitweza. Huo ndio msimamo atakaoutumia baadaye anapozungumzia vitabu na serikali.

Mchezo pia ni mahali ambapo mauti huingia bila hodi. Katika sura inayodai kwamba kufalsafa ni kujifunza kufa, Montaigne anamtaja ndugu yake, kapteni aliyekuwa na umri wa miaka 23, aliyepigwa na mpira juu kidogo ya sikio la kulia alipokuwa akicheza. Hapakuonekana jeraha wala uvimbe, wala kijana hakuketi kupumzika. Saa tano au sita baadaye alifariki. Tukio hilo limesimuliwa kwa maneno machache mno, katikati ya orodha ya vifo vya watu mashuhuri wa kale. Mbinu hii ya kumtia ndugu wa damu miongoni mwa wafalme na wanafalsafa ndiyo inayoipa orodha uhai. Msomaji aliyekuwa akipitia mifano ya vitabuni anakutana ghafla na maiti ya nyumbani.

Hata chuki ya Montaigne dhidi ya sataranji ina funzo. Anaukataa mchezo huo kwa sababu si mchezo wa kutosha. Unadai umakini ambao ungeweza kutumiwa katika jambo jema zaidi, na humfunua mchezaji kwa hasira na tamaa zake. Hapa mchezo umegeuzwa kuwa kioo. Anayetaka kumjua mtu, amtazame anaposhindwa.

Vitabu

Sura kuhusu vitabu inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uhakiki, maana inauvunja unyenyekevu wa uongo mbele ya maandishi makubwa. Montaigne anakiri kwamba kitabu kikimchosha hukiacha na kushika kingine, na kwamba mahali pagumu anapopashambulia mara moja au mbili bila mafanikio hupaacha. Kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu, alizoea kuandika mwishoni mwa kila kitabu tarehe aliyokimaliza na hukumu aliyoitoa kwa jumla. Baadhi ya hukumu hizo, ikiwamo ile kuhusu mwanahistoria Guicciardini, amezinukuu katika sura hiyo.

Tarehe hizo zina maana kubwa zaidi ya kumsaidia msahaulifu. Hukumu yenye tarehe ni hukumu inayokubali kwamba itazeeka. Mtunzi hasemi kitabu kiko hivi milele, bali kwamba siku ile, akiwa katika hali ile, alikiona hivi. Maktaba yenyewe, kama anavyoieleza katika kitabu cha tatu, ilikuwa ya mviringo, na vitabu vilipangwa katika rafu tano kuizunguka. Humo alikuwa akitembeatembea, akiandika au kuimla mawazo yake, kwa kuwa anasema fikra zake husinzia akizikalisha na akili yake haiendi miguu isipoitikisa. Usomaji na mazoezi ya mwili, ambavyo mpangilio wa kisasa wa masomo umevitenga, katika mnara huo vilikuwa tendo moja. Ndiyo maana katika sura kuhusu malezi ya watoto anasisitiza kwamba anayefunzwa si roho wala mwili bali mtu mzima, na kwamba kukimbia, mieleka, muziki, dansi na uwindaji ni sehemu ya masomo.

Siasa

Mawazo haya hayakuandikwa katika utulivu. Kuanzia 1562 hadi 1598 Ufaransa ilisambaratishwa na mfululizo wa vita kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo ya 1572 yalitokea mwaka uleule ambao, kwa maoni ya wataalamu wengi, uandishi wa Essais ulikuwa umeanza kushika kasi. Mtunzi alikuwa meya wa Bordeaux kwa vipindi viwili, kuanzia 1581 hadi 1585, na alipata habari za kuchaguliwa kwake alipokuwa Italia akitafuta nafuu katika chemchemi za maji ya tiba.

Je, mtu wa namna hii anawezaje kuzungumzia matikiti anayoyapenda, wakati majirani wanachinjana? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Vita vile viliendeshwa na watu wenye hakika. Kila upande uliamini kwamba maoni yake ni sauti ya Mungu na kwamba mwili wa mpinzani ni kizuizi tu. Mtu aliyezoea kujipima kila siku, anayejua kwamba hawezi kuogelea, kwamba kumbukumbu yake inamtoroka, na kwamba jana alikipenda kitabu anachokichukia leo, hawezi kwa urahisi kumchoma jirani kwa sababu ya fasiri ya aya. Katika sura kuhusu viwete mtunzi analisema jambo hili kwa uwazi anapowajadili washukiwa wa uchawi: ni kuyathamini kupita kiasi makisio ya mtu kumchoma binadamu akiwa hai kwa ajili yake. Mawazo madogo ya kila siku, basi, si ukimbizi kutoka kwa siasa. Ni mazoezi ya siha ya akili ambayo siasa ile ilikuwa imeyakosa.

Ushahidi wa ndani ya matini unaithibitisha fasiri hii. Katika sura kuhusu sura ya mtu na tabia yake, Montaigne anasimulia jinsi jirani mmoja alivyoingia kwake akidai kwamba amefukuzwa na maadui, akifuatwa na askari wake kidogo kidogo, hadi ua ukajaa watu wenye silaha. Mwenye nyumba aliwakaribisha wote. Yule jirani aliyekuwa na azma ya kuiteka nyumba aliondoka bila kufanya lolote, na baadaye alikuwa akisimulia mwenyewe kwamba uso na uwazi wa mwenyeji wake ndivyo vilivyompokonya hila. Nyumba isiyolindwa, kama anavyoeleza mahali pengine, huifanya hujuma iwe aibu badala ya ushujaa. Essais ni nyumba ya aina hiyo. Mwandishi anaacha mlango wazi, anaonyesha udhaifu wake wote, na kwa kufanya hivyo anamnyima msomaji hasimu fahari ya kumvamia.

Hata hivyo, uhakiki hauwezi kuishia katika sifa. Uwazi huu una mipaka yake. Mnamo Julai 1585, muda wake wa umeya ulipokuwa ukimalizika, tauni ilikuwa imeingia Bordeaux. Montaigne aliwaandikia madiwani barua akiwauliza kama kuna haja ya yeye kuingia mjini kukabidhi madaraka, na hakuingia. Essais zinasimulia kwa kirefu jinsi alivyohangaika na familia yake kutafuta makazi wakati wa tauni, lakini uamuzi huo kuhusu mji hazikuuweka kwenye mizani. Vilevile, mkewe Françoise anaonekana kwa nadra katika kurasa ambazo figo la mumewe limepewa nafasi kubwa. Na wakulima wa mashamba yake, ambao anawastaajabia kwa kuyakabili mauti bila falsafa, ndio waliokuwa wakimzalishia wasaa wa kustaajabu. Mizani ni ya haki kwa vile tu vilivyowekwa juu yake.

Siha, maradhi na wakati

Kuanzia umri wa miaka 40 na ushei Montaigne alisumbuliwa na vijiwe vya figo, maradhi ambayo aliamini kwamba aliyarithi kutoka kwa baba yake. Sura ya mwisho ya kazi nzima, kuhusu tajriba, inauzungumzia ugonjwa huu pamoja na saa za kulala, namna ya kula, na mazoea ambayo mwili umejichagulia. Mtunzi anawakataa waganga wanaotaka kuyabadilisha maisha yake yote ili wayarefushe. Kwa mtazamo wake, siha si kukosekana kwa ugonjwa bali ni kuendelea kuishi kwa njia yake iliyozoeleka, mgonjwa akiwa katika kitanda kilekile na chakula kilekile. Kazi inahitimishwa kwa wazo kwamba hata aketiye juu ya kiti cha enzi cha juu kabisa hukalia makalio yake mwenyewe. Kwa tamko hilo moja siasa, mwili na hekima vinakutana, na mrukoruko wa sura mia moja na ushei unabainika kuwa safari iliyokuwa na mwelekeo.

Kifani, jambo hili linajidhihirisha katika utaratibu wa nyongeza. Montaigne anasema kwamba anaongeza lakini harekebishi. Matokeo yake ni kwamba katika ukurasa mmoja anasikika mtu wa miaka 39 na mtu wa miaka 59, na hawakubaliani kila mara. Katika kitabu cha kwanza kijana mwenye kuwaiga Wastoa anashauri mauti yafikiriwe kila siku ili yasitishe. Katika kitabu cha tatu mzee anacheka. Anayeshindwa kujua kufa asijali, maana maumbile yatamfundisha papo hapo, kama yanavyomfundisha mkulima asiyemjua Aristotle. Riwaya huonyesha mabadiliko ya mhusika kwa njia ya matukio. Insha ya Montaigne huyaonyesha kwa tabaka za sentensi. Blaise Pascal, katika Pensées zilizochapishwa 1670, aliulaumu mradi huu wa mtu kujichora mwenyewe kuwa ni upumbavu, na mnamo 1676 Kanisa Katoliki liliitia Essais katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Lawama ya Pascal ingekuwa na mashiko kama anayechorwa angekuwa mmoja asiyebadilika. Lakini anayechorwa ni mpito wenyewe, na kwa hivyo ubinafsi unaolaumiwa ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Insha katika fasihi ya Kiswahili

Neno la Kiswahili, insha, limetoka katika Kiarabu, ambako linabeba maana ya kuanzisha na kuunda. Asili hiyo inasisitiza utungo uliokwisha kuumbika, ilhali neno la Kifaransa linasisitiza jaribio ambalo halijajua litaishia wapi. Tofauti hii si ya kamusi tu. Shaaban Robert (1909–1962), mwanzilishi mkuu wa insha ya kisasa ya Kiswahili, alikiita kitabu chake cha 1954 Kielezo cha Insha. Kielezo ni cha kufuatwa. Katika Maisha Yangu (1949), ambamo karani aliyehamishwa kutoka kituo hadi kituo kwa amri ya serikali ya kikoloni anajieleza, mna pia tenzi mbili za mawaidha kwa watoto wake, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Nafsi inayosema humo kwa kiasi kikubwa ni nafsi ya mzazi na mshauri. Inapima ili ielekeze.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumhukumu Shaaban Robert kwa kipimo cha bwana wa kasri. Mwafrika aliyeandika chini ya utawala ulioitilia shaka akili yake hakuwa na anasa ya kutangaza kwamba hajui. Kuwa na adili lililo imara lilikuwa jibu la kisiasa, kama vile kutokuwa na hakika kulivyokuwa jibu la kisiasa katika Ufaransa ya vita vya dini. Tena, katika sehemu zinazohusu kifo cha mkewe Amina, mshauri anampisha mfiwa, na msomaji anakutana na mtu anayejipima mbele ya jambo lisilokuwa na mawaidha ya kutosha. Hapo wawili hawa wanakaribiana.

Tatizo liko kwa warithi. Nchini Kenya, mtihani wa KCSE, ulioanza 1989, uliiweka insha katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili na fasihi katika karatasi ya tatu. Riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi huhakikiwa. Insha huandikwa na kusahihishwa tu. Mwanafunzi hukariri vianzio, methali na misemo ya kupamba, na hujifunza kwamba insha nzuri ni ile inayojua mwisho wake kabla ya kuanza. Utaratibu huo umeugeuza utanzu wa kujaribu kuwa utanzu wa kujaribiwa. Si ajabu, basi, kwamba maandishi ya Kiswahili yanayochanganya mpira wa Jumamosi, kitabu cha juma, mwenendo wa bunge na maumivu ya goti, kama yanavyotokea katika safu za magazeti, hayajapata wahakiki wa kuyachambua kwa makini.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mawazo ya kila siku hupata umoja wa kisanaa pale yanapopimwa na nafsi inayojitaja kuwa kipimo chenye kasoro. Katika Essais, michezo humfundisha mtunzi mipaka yake, vitabu humfundisha kuitia tarehe hukumu yake, siasa humfundisha gharama ya hakika isiyopimwa, na maradhi humfundisha kukaa na asichoweza kukiponya. Mahali mizani ilipokosa kuwekwa, kama katika uamuzi wa Julai 1585, ndipo kazi inapodhoofika, na kigezo hicho kinatokana na matini yenyewe.

Kwa uhakiki wa Kiswahili yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuisoma insha kama fasihi, kwa kuuliza ni nafsi gani inayopima, inapima nini, na inakwepa kupima nini. La pili ni kumruhusu mwanafunzi, walau katika ngazi ya chuo kikuu, aandike insha ambayo hajui itaishia wapi. Taifa ambalo vijana wake wamefunzwa kuandika hitimisho tu litakuwa na wasemaji wengi wenye hakika, na historia ya Bordeaux na ya miji mingine mingi imekwisha kuonyesha wasemaji wa namna hiyo hufanya nini wanapopewa silaha.